Panya Ambaye Hakusogea

Soweto, Mbeya
Jumanne, alasiri

Oliva mwanangu,

Habari za sweta, pasipoti na kutokula vitu vya njiani utazipata kwa shangazi yako, tena utazipata mara nyingi kuliko unavyotaka. Hayo yote nimemwachia yeye. Mmetoka sasa hivi kwenda Mwanjelwa kutafuta begi la magurudumu, na kwa jinsi ninavyomfahamu dada yangu, hamtarudi mpaka amewachosha wauzaji wote wa mabegi. Kwa hiyo nina muda wa kuwa peke yangu. Mkono wangu bado unaandika, ingawa kila baada ya mistari kadhaa inabidi niuweke chini na kungoja pumzi irudi.

Jana mchana niliondoka mezani wakati unatuonyesha picha zako. Ulidhani ni moyo. Ulinifuata na vidonge na kikombe cha maji, mkono wangu ukawa unamwaga maji kwenye shati, ukanishika kiwiko ukasema, "Tulia, Baba, tulia." Nikakuambia ni kizunguzungu. Hakikuwa kizunguzungu. Nataka ujue kilikuwa nini, na nataka ujue kabla basi lako la kesho halijafika Chimala, kwa sababu Chimala yupo mama yako, na nilichokuambia juu ya mama yako si kweli.

Nimeandika sentensi hiyo, nikataka kuifuta, nikaiacha. Sasa imeshaandikwa, acha niendelee.

Jana uliiweka kompyuta yako katikati ya bakuli la maharage na sahani ya wali, ukatueleza, kwa picha ulizotumiwa, kazi unayokwenda kufanya huko ng'ambo. Ulieleza vizuri. Nimefundisha baiolojia maisha yangu yote ya kazi na nasema ulieleza vizuri kuliko mimi. Shangazi yako hakufika sekondari lakini alikuelewa: panya waliozaliwa maabara, ambao mama zao na bibi zao walizaliwa maabara, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona paka. Wanazoeshwa polepole kulala ndani ya mashine ya MRI wakiwa macho. Kisha inapulizwa harufu ya paka, na mashine inaonyesha ni sehemu gani ya ubongo damu inakimbilia. Mnatafuta makao ya hofu ambayo mnyama hakufundishwa na yeyote. Hofu aliyokuja nayo duniani.

"Kwa hiyo panya anapigwa MRI," shangazi yako akasema, "na kaka yangu hapa aliambiwa arudi mwezi ujao."

"Panya hapangi foleni, Shangazi."

"Basi niandikishe na mimi kuwa panya. Mkia nitashona."

Tulicheka wote. Sijui kama umegundua kwamba mimi nilicheka pia. Kisha ukaniita. "Mwalimu, njoo uone hii. Huyu ndiye ninayempenda." Ilikuwa picha ya ubongo, wa kijivu, na ndani kabisa doa la rangi ya machungwa, kama kaa la moto lililofukiwa kwenye majivu.

"Huyu ametulia tu," ulisema. "Harufu imeingia, hakusogea, hata pumzi yake ni ileile. Wenzake walihangaika. Ukimtazama huyu kwa nje utasema hajali. Sasa tazama ndani."

Nikakuuliza, "Anaogopa?"

"Mwalimu wangu wa huko hapendi tumsemee panya neno hilo. Anasema tuseme ubongo umeitika. Lakini mimi nasema anaogopa, Baba. Ila amezoeshwa kutulia."

Hapo ndipo niliposimama.

Festo unamjua kwa picha ile ya juu ya kabati, kaptura ya shule na soksi moja imeshuka. Nilikuambia kaka yako aliumwa na nyoka kwenye shamba letu la mpunga Madibira, kwamba mama yako alimtuma kuamia ndege peke yake, na kwamba matanga hayajaisha mama yako alifunga virago akaenda kwao, akakuacha ungali unabebwa mgongoni. Haya ndiyo uliyokua nayo. Ukiwa kidato cha pili, siku ya wazazi, mama mmoja alikuuliza mama yako yuko wapi, ukasema, "Alikufa." Nilikuwa nimesimama kando yako nimeshika soda. Nilikunywa ile soda.

Kwanza nikueleze nilikuwa mtu wa namna gani.

Nilifundisha Iringa, na nilijulikana. Nilikuwa mwalimu aliyeingia darasani na chupa kubwa ya kioo yenye nyoka ndani. Wanafunzi wa huko walikuja na mambo ya kwao, kwamba nyoka akiingia ndani ametumwa na mtu, kwamba kuna wazee wanaofuga nyoka wa kuua watoto wa jirani. Aliyesema hivyo nilimsimamisha mbele, nikamwambia aeleze ni neva ipi ya nyoka inayosikia maagizo ya mchawi. Darasa lilicheka, na mimi nilipenda lile cheko. Niliamini hofu ni kitu cha watu wasiosoma. Ukimwelimisha mtu, hofu inamtoka, kama minyoo inavyomtoka mtoto aliyepewa dawa. Niliyasema haya kwa maneno hayohayo, kanisani hata, nilipoombwa kuongea na vijana.

Likizo tulikwenda Madibira. Mama yako ni Msangu, na lile shamba lilitoka upande wake. Mpunga unapoanza kushika punje ndege wanashuka kama moshi, na usipowafukuza utavuna mabua. Watoto wanapandishwa dunguni, kile kichanja cha miti, na makopo ya kugonga na kombeo, toka alfajiri mpaka jua linazama. Na mahali penye mpunga pana panya, na penye panya pana nyoka. Watoto wote wa kule walifundishwa jambo moja: ukimwona nyoka kwenye tuta, rudi nyuma ulikokanyaga, uite mkubwa. Festo alifundishwa hivyo na mama yako kabla hajajua kusoma.

Mimi nikamfundua. Sina neno lingine. Kulikuwa na nyoka wembamba wa kahawia, wasio na sumu, wanaokaa chini ya marundo ya mabua na kula panya. Nilimwambia kijana wa jirani anikamatie mmoja, akaniwekea kwenye chupa. Siku ya kwanza Festo alijikojolea. Alikuwa darasa la pili. Nikampa kaptura nyingine, nikamrudisha. Siku iliyofuata aliitazama chupa kwa mbali, kisha kwa karibu. Baadaye mfuniko ulifunguliwa. Akamgusa kwa kijiti, kisha kwa kidole. Jana ulipoeleza mnavyowazoesha panya wenu, leo dakika kidogo, kesho zaidi, nilikuwa nakusikiliza kama mtu anayesomewa mashtaka.

Mama yako alisimama mlangoni na ungo mkononi. "Mwache mtoto aogope, Mwalimu. Hajakukosea kitu."

"Namtoa ushamba."

"Ushamba wa nani? Wa kwetu?"

Sikumjibu. Nilidhani sikumjibu kwa sababu nina hekima.

Festo akawa hodari. Shuleni kwetu kukiwa na wageni nilimleta, akasimama mbele ya ukumbi na nyoka amejizungusha kwenye kifundo cha mkono, wasichana wanapiga kelele, mkuu wa shule anapiga makofi, na mimi natoa hotuba kuhusu sayansi. Alikuwa na tabia ya kubana midomo, midomo inakuwa myeupe. Nilisema ndani yangu, huo ni ujasiri. Mtoto wangu haogopi kitu. Niliwaambia watu wote hivyo, naye akisikia. Sasa fikiria, Oliva, mtoto anayesikia baba yake akisema hivyo kila mahali. Angeniambia lini kwamba anaogopa? Angepitia mlango gani?

Asubuhi ile mama yako alimwambia, "Festo, nenda dunguni kabla ndege hawajashuka." Ni kweli alisema. Wewe ulikuwa na homa, yeye alikuwa anakukanda. Nimeitumia sentensi ile kwa miaka yote hii kwa sababu ni ya kweli, na nimejifunza kwamba uongo unaodumu ni ule uliojengwa juu ya jambo la kweli. Lakini hakwenda peke yake. Mimi nilimfuata na chupa ya chai.

Kulikuwa na baridi, ile baridi ya Usangu inayokaa juu ya maji asubuhi. Kwenye tuta alikuwa amelala nyoka mwembamba wa kahawia, mzito kwa baridi, hakuinua hata kichwa. Festo alisimama. Akarudi nyuma hatua moja, kama alivyofundishwa na mama yake. Kisha akageuka akanitazama.

"Baba, na huyu?"

Nilimtazama nyoka kutoka niliposimama. Sikusogea karibu. "Na huyo. Ni yuleyule wa panya."

"Mshike wewe kwanza."

Nikacheka. "Jaribio anafanya mwanafunzi."

Akainama. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, niliuona. Nikamwambia, "Mkono usitetemeke." Na mkono ukaacha kutetemeka.

Hicho ndicho nilichokiona jana kwenye kompyuta yako. Nimeishi nikijiambia kwamba mwanangu alikufa bila hofu, kwamba angalau hilo nilimpa. Alibana midomo, mkono ukatulia kama jiwe, na mimi nilisimama na chupa ya chai nikajivuna. Ilibidi nizeeke nife nusu, na wewe uje na picha ya panya, ndipo nijue kilichokuwa kinawaka ndani ya kichwa kile kidogo. Alikuwa anaogopa wakati wote, tangu kaptura ile ya kwanza. Sikumtoa hofu hata chembe. Nilichomtoa ni mguu wa kurudi nyuma.

Alikuwa fira mchanga, mwenye sumu ya kuua. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu angemtambua kama angesogea karibu.

Tulimpakia kwenye tela la trekta la jirani. Mama yako alikuja mbio na wewe mgongoni, akapanda. Njia ilikuwa mashimo matupu. Festo aliongea mpaka ulimi ukawa mzito, na aliniuliza mimi, si mama yake: "Nimekosea wapi, Baba?" Alidhani amemshika vibaya. Nilimwambia, "Hujakosea." Sikumwambia aliyekosea ni nani. Hatukuifikia lami.

Tulimzika kwetu Iringa. Baada ya maziko baba yako mkubwa aliita kikao cha ukoo, na ndicho ninachoogopa kukiandika kuliko hata tuta.

Aliuliza, "Nani alimpeleka mtoto shambani?"

Nikasema, "Mama yake alimtuma."

Mzee mmoja, amekwisha kufa, akakohoa. Akasema nyoka hatoki hivihivi. Mtoto ameshika nyoka miaka yote bila kuumwa, iweje aumwe leo? Huyu alitumwa. Na shamba ni la upande gani? La upande wa mwanamke. Watu wakaguna. Unajua mguno ule, wa watu waliokwisha kukubaliana.

Kisha baba yako mkubwa akanigeukia. Hakuwa mtu mbaya, alitaka nimkatalie. "Mwalimu, wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Unasemaje? Nyoka anatumwa?"

Mtu mmoja tu katika nyumba ile alikuwa na jibu, na ndilo lililokuwa kazi yangu, nililoliandika ubaoni mwaka hadi mwaka. Lakini kama nyoka hatumwi, basi ingebidi waulize mtoto alimshikaje, na kwa nini, na aliyemwambia ni nani. Nikatazama chini. Nikasema, "Mambo mengine hayamo vitabuni."

Mama yako alikuwa amekaa na wanawake karibu na mlango. Akasimama. "Waambie, Mwalimu. Waambie ulikuwa unamfundisha nini."

"Kaa chini, shemeji," baba yako mkubwa akamwambia.

"Sikai. Baba Festo, inua kichwa uwaambie."

Sikuinua. Nilikuwa natazama kandambili zangu. Hata leo naweza kukuchorea zile kandambili.

Walimrudisha kwao. Walisema mtoto wa kike abaki, ni wa ukoo. Ulimlilia mlangoni mpaka ukapoteza sauti, na shangazi yako akakubeba. Mama yako hakukuacha. Aling'olewa, na aliyeshikilia jembe ni mimi. Alikuja tena Iringa, zaidi ya mara moja, akasimama nje ya uzio. Nilikuwa ndani. Niliomba uhamisho kuja Mbeya nikasema ni kwa ajili ya hali ya hewa. Simu za mkononi zilipokuja akanitafuta, akasema anaomba kukusikia tu, hata ukisoma kitu kwa sauti. Nilimwambia, "Oliva hataki kusikia habari zako." Ulikuwa chumba cha pili unafanya hesabu. Hukuwahi kuulizwa.

Na mchele, Oliva. Ule wa kila msimu, unaoshushwa stendi kwenye gunia lililoshonwa kwa uzi wa kijani, niliosema ananitumia mwanafunzi wangu wa zamani wa Chimala. Mara ngapi umesema tumwandikie yule kaka kumshukuru? Ni mama yako. Anauza mchele pale sokoni, na ule wa kwako anauchagua mwenyewe, ndiyo maana hujawahi kuuma jiwe. Jana, wakati unatuonyesha ubongo wa panya, wali ulio mezani ulikuwa wa mama yako. Umekula mkononi mwake maisha yako yote na mimi nikakuacha useme amekufa.

Shangazi yako anajua. Ndiye anayelipokea gunia. Usimwangushie hasira yako. Katika kikao kile mwanamke aliyesema aliambiwa akae chini, naye aliliona hilo, na tangu hapo amekuwa akila chumvi ya nyumba yangu na kunyamaza.

Unaweza kudhani hapa ndipo mwisho. Mimi pia nilidhani, nilipoanza kuandika. Lakini bado kuna kitu chini yake, na nisipokiandika leo nitazikwa nacho.

Mimi sijawahi kushika nyoka.

Hata mmoja, hata yule wa kahawia. Chupa niliibeba kwa kitambaa, mfuniko walifungua wengine. Nilisimama mbele ya darasa nikiongea na jasho linanitiririka mgongoni ndani ya koti, na watu wakadhani koti ni heshima ya kazi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiona hata gome la mti lililojikunja, miguu inakufa ganzi. Baba yangu alinicheka mbele ya watu, na kicheko kile kilinitafuna kiasi kwamba niliamua kusoma mpaka nisiogope. Nikasoma. Nikapata shahada. Woga haukutoka. Ndipo nikamchukua mtoto wangu, nikamtuma mahali ambapo mimi nilishindwa kwenda. Kila alipomshika nyoka nilikuwa nikipumua, kama vile nimemshika mimi. Na asubuhi ile aliponiambia, "Mshike wewe kwanza," hakuwa anatania. Nadhani alikuwa amekwisha kunijua. Alinipa nafasi ya kusema, mimi pia naogopa, twende tumwite mtu. Tungerudi nyuma wote wawili, chai ikamwagika, tukachekwa na ndege. Leo angekuwa mwanaume mwenye kitambi.

Nimetafuta kitu cha kukupa kutoka katika haya, kitu ambacho mzazi humpa mtoto anayeondoka. Sijapata kitu. Nilifundisha watu wengi na sijui kama kuna hata mmoja niliyemfaa. Ninajua tu kwamba hofu yangu ya chekechea, ya mtoto wa Kihehe aliyechekwa na baba yake, imekula watu watatu: mwanangu, mke wangu na wewe, na mimi mwenyewe haikunigusa. Nimezeeka salama. Nimekula pensheni. Vijana wa usharika wananisaidia kupanda ngazi.

Siku moja huko uendako utamtoa panya wako kwenye mashine, ametulia, na wenzako watasema huyu ni mzuri, hasumbui, picha zake hazitikisiki. Usimpende kwa sababu ametulia. Uliniambia jana kuwa ndiye unayempenda. Mpende kwa sababu nyingine. Na ukiwa na watoto, akikuambia mmoja wao anaogopa kitu, hata kama ni kitu cha kipuuzi, hata kama umekisomea, simama hapo alipo kwanza.

Sasa habari ya kesho. Basi litatoka asubuhi. Nitakupa barua hii stendi, mkononi, kwa sababu nikiiweka kwenye begi nitaitoa tena usiku, ninajijua. Isome ukishapita Uyole. Ukifika Igurusi uwe umeimaliza. Chimala inafuata, na basi husimama pale, watu hununua mchele madirishani. Ndege yako ni Ijumaa usiku, basi la Alhamisi litakufikisha Dar bila shida. Mwambie kondakta akutolee begi.

Ingia sokoni uulize Mama Festo. Hawamjui kwa jina lingine. Nimekaa na jambo hilo miaka yote: kwamba kila mteja, kila mbeba mizigo, kila mtoto wa kuuza karanga anamwita kwa jina la mtoto niliyemuua, naye anaitika.

Sijui atakupokeaje. Sijui kama atataka kukugusa, au kama atakutazama na kuona ukoo wangu usoni mwako, maana una paji langu la uso. Huenda ukakuta amechoka kungoja. Sikuahidi kitu, na mimi si mtu wa kuahidi tena. Usimpelekee salamu zangu. Usimwombe anisamehe, usije ukamtwisha na hilo. Msomee tu. Alisimama mbele ya ukoo mzima akaomba niinue kichwa niwaambie, na barua hii ndiyo jibu, limechelewa kiasi hicho. Kisha akitaka kuichoma, mpe kiberiti.

Wewe na mimi hatutaonana. Daktari amesema kwa lugha ya upole, na mimi nimeielewa kwa lugha ya baiolojia. Ukipigiwa simu ukaambiwa, usikatishe masomo, na usitafute ndani yako huzuni ambayo haipo. Kama ipo, ni yako, fanya nayo utakavyo. Nilikupenda. Naliandika hilo nikijua neno hilo halina thamani likitoka kwangu, maana Festo naye nilimpenda.

Nasikia geti. Shangazi yako anasema kwa sauti kwamba mmeibiwa, begi la bei ile lingekuja na dereva. Unacheka. Nitaificha hii chini ya Biblia, nitakuja sebuleni, nitalisifia begi.

Kesho pale stendi nitakunyooshea bahasha na mkono wangu utakuwa unatetemeka. Si ugonjwa. Naogopa, mwanangu, naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na kwa mara ya kwanza sitaki kuficha. Usinishike kiwiko. Usiniambie nitulie. Ipokee, panda basi, ushuke Chimala.

Baba yako